Dawa ya Kupaka na Kopo la Mafuta ya Kukamulia

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi, Thika, nilitarajia kukabidhiwa sindano na bandeji. Sista Mkuu alinipa kioo cha mkononi, kile cha kawaida cha kunyolea ndevu, akaniambia nisikipoteze. Nilikuwa nimetoka zahanati ya kiwanda kule Eneo la Viwanda, nilikozoea vidole vilivyobanwa na mashine, na kabla ya hapo zahanati ya Ruiru, nilikofika kutoka Kakamega nikiwa na sanduku moja na maringo mengi. Nilijiona muuguzi kamili. Kioo kilinikera.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wenye ualbino, waliopigwa na jua shambani tangu utotoni. Jua huwaachia madoa ya magamba usoni na masikioni, na baadhi ya madoa hayo hugeuka kuwa saratani. Yakigunduliwa yakiwa bado juujuu, daktari wa ngozi anaweza kuandika dawa ya kupaka badala ya kisu. Dawa hiyo huua seli mbovu, na haiziui kimya kimya. Ngozi huwa nyekundu, huvimba, huchubuka na kutoa maji, hufanya gaga kavu, na ngozi mpya huota baada ya kumaliza dawa. Kioo kilikuwa cha kumwonyesha mgonjwa uso wake kabla hajaanza, na kumweleza utakavyokuwa.

"Usiwahi kumwambia mtu itawasha kidogo," Sista Mkuu alinionya. "Mwambie atatisha. Akishajua atatisha, hatatoroka."

Niliona anapenda tu kuogopesha watu. Kwa hiyo Mzee Kamau alipokuja kutoka Gatuanyaga, mfugaji mpole mwenye ualbino, ana doa sikioni na mengine shavuni, nilikiacha kioo kwenye droo. Nilimwambia anawe mikono baada ya kupaka, asipake karibu na macho, avae kofia pana. Kisha nikasema, "Itawasha kidogo tu, Mzee."

Baada ya wiki mbili alitakiwa kurudi, na hakurudi. Sista Mkuu aliniuliza kioo kiko wapi. Nilipomwonyesha droo alinituma Gatuanyaga kwa bodaboda, nikafika na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mzee alikuwa zizini, uso umebabuka kutoka shavuni hadi sikioni. Hakunikaripia.

"Karibu, sista. Hiyo dawa yenu imenikataa. Nimeiacha."

"Iko wapi?"

"Siwezi kutupa dawa ya hospitali. Nimeichanganya na mafuta ya kukamulia, haya ya kupaka chuchu, labda itasaidia ng'ombe."

Kopo la mafuta lilikuwa mkononi mwa Wambui, mke wa mwanawe, aliyekuwa akijiandaa kukamua. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mjamzito hafai hata kuigusa dawa ile, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata mbwa akiilamba inaweza kumuua. Hayo yote sikumwambia Mzee. Wala sikuwahi kufikiria ng'ombe.

"Ushapaka?" nilimuuliza Wambui.

"Bado. Ndio nilikuwa nafungua."

Nilimpokonya kopo bila adabu yoyote. Kisha nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia Mzee kwamba dawa haikumkataa, ilikuwa inafanya kazi yake, na uso kubabuka ni sehemu ya kazi hiyo.

"Kumbe ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa na hakika kama Mzee angekanyaga tena kliniki yetu.

Kesho yake alikuja. Daktari alimpumzisha hadi vidonda vikatulia, ndipo akaanza tena. Safari hii nilimwambia kila kitu, pamoja na kwamba akipata homa, vidonda mdomoni au kuhara, aache mara moja na kuja mbio. Alimaliza. Wambui naye alijifungua msichana mzima, na namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Namshukuru pia Sista Mkuu. Hakuniandikia barua ya onyo. Alifungua droo, akaniwekea kioo mkononi, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, naishi Mwiki, na nikihesabu watu wa kazini ninaowashukuru, wa kwanza ni Mzee aliyerudi. Siku yangu ya mwisho kliniki alikuwa kwenye benchi, amekuja kukaguliwa ngozi kama kawaida yake. Muuguzi mpya alikuwa akimweleza mama mmoja kuhusu dawa, na nikasikia lile neno langu: kidogo. Kabla sijafungua mdomo, Mzee alimwinamia yule mama.

"Mama, usidanganywe. Hii itakubabua mpaka watu wa kanisa waje kukuombea. Wewe maliza. Halafu utakuwa hivi."

Akavua kofia, akamgeuzia sikio lake lililopona. Mama yule aliliangalia kwa makini, kisha akauliza kama kuna kioo hapo karibu. Kilikuwa mfukoni mwangu.