Mama Alipokwenda Kumtafuta Aliyenitukana

Enzi zile tukikaa mtaa wa Bertrams, mtoto akisema "siko tayari" aliulizwa kama yeye ni maharage. Nayasema haya kwa hasira, maana juzi binti yangu Naledi, miaka minane, amekataa kukimbia mashindano ya shule eti hajisikii vizuri kiakili. Kiakili! Sisi akili zetu zilifundishwa kwa sauti, jirani akisikia.

Nakumbuka mwaka ule wa vuvuzela, dunia nzima ilipokuja huku kusini kucheza mpira. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tunaishi familia nne nyumba moja, pazia ndilo ukuta. Asubuhi iliamshwa na cherehani ya Papa Dieudonné, fundi kutoka Bukavu, upande wa pili wa pazia letu. Harufu ya mawese haikutoka ukutani hata ufanyeje. Na mimi, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, nilikuwa nikicheza kwenye barafu. Msicheke. Shule ilitupeleka siku moja kutembelea uwanja wa barafu, nikaanguka mara ishirini huku nacheka, kocha akasema huyu haogopi, akanipa mazoezi ya bure. Viatu vya kuazima, vikubwa, vimejazwa soksi tatu. Sharti lilikuwa moja: mwisho wa mwaka nifaulu mtihani wa mruko unaoitwa aksel. Unaruka ukitazama mbele, unazunguka hewani mara moja na nusu, unatua kinyumenyume kwa mguu mmoja. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Basi mimi niliyekuwa siogopi nikaanza kuogopa. Kila nikitaka kuruka, miguu inakataa. Wenzangu pia walikuwa hivyohivyo, ndipo kocha akamleta Miss Anisha, mwalimu wa kufundisha akili. Alitukalisha chini wasichana sita, akatuambia tuandike maneno mabaya tunayojiambia kichwani, kisha tuchanechane karatasi. Wenzangu wakachana. Mimi nichane karatasi nzuri, nyuma bado nyeupe? Nikaitia mfukoni.

Mama akaikuta akifua. "Mnene wewe. Utaanguka tu. Hapa si kwenu."

Mama alikuwa msusi mtaa wa Hillbrow. Siku hiyo alimwacha mteja na nusu kichwa, akapanda teksi, akatukuta mazoezini, akaingia uwanja wa barafu na kitenge chake na kandambili, kitana mkononi.

"Nani amemwandikia mtoto wangu haya? Ajitokeze!"

Kandambili zikamteleza, akang'ang'ania ukuta, lakini kile kitana hakikushuka. Miss Anisha akamweleza pole pole kwamba hakuna aliyenitukana, nimejiandikia mwenyewe. Mama akanigeukia.

"Wewe, Chantal? Nikubebe mgongoni kutoka Bujumbura, halafu unitukanie mtoto wangu?"

Miss Anisha akasema kesho tutatafuta maneno mazuri ya kuweka mahali pa yale mabaya, kama "nimetulia." Mama akacheka. "Hayo ni ya kumlaza mtoto." Kwao Burundi, alisema, baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na mwanaume alisimama mbele ya watu akajigamba mpaka mwenyewe akaamini. Na anayesikiliza ana haki ya kubisha, nawe umjibu.

Tangu kesho yake, kabla ya uji, nilisimamishwa kwenye korido.

"Mimi ndiye Chantal! Nimevuka mipaka kabla sijaota meno! Barafu ni maji yaliyoshikwa na uvivu, yatanifanya nini?"

"Na jana ulipoanguka kwenye ngazi?" Papa Dieudonné alipiga kelele nyuma ya pazia.

"Ngazi ndiyo iliyoanguka, Papa!"

"Sauti inatetemeka," Mama alisema. "Rudia."

Eish, nilimchukia. Uji ulipoa kila siku.

Siku ya mtihani walikaa majaji watatu na kalamu zao, na uwanja ulikuwa kimya kama mochari. Nikaruka, nikaanguka kwa tako. Wakaruhusu nirudie mara moja tu. Mama alikuwa juu kwenye viti, amejifunika blanketi. Nikafumba macho nijaribu ya Miss Anisha: nimetulia, nimetulia. Uongo mtupu. Basi nikafumbua macho nikapaza sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wazungu na kalamu zao: "Mimi ndiye Chantal! Nimevuka mipaka kabla sijaota meno!" Jaji mmoja akaangusha kalamu. Sikumngoja aiokote. Nikaruka, nikazunguka, nikatua kwa mguu mmoja, mikono ikipunga kama mtu anayefukuza nyuki. Wakasema imepita, ila haikupendeza. Mama akajibu kutoka juu kwamba hakuja kuangalia urembo.

Leo Naledi anavaa visikizio, simu inamwambia "wewe ni hodari" kwa sauti ileile inayomwambia chaji inaisha. Haijawahi kumwona akianguka. Tumehamia Rosettenville, kila mtu na mlango wake, ukuta mnene, simjui jirani hata jina. Jana nilimsimamisha jikoni nikamwambia jigambe. Akajigamba, kwa Kiingereza, sauti ya panya. Nikatega sikio. Kwa upande wa pili wa ukuta hakuna aliyebisha.