Nilihesabu Karata, Ndege Wakamaliza Mpunga wa Mama

Kosa ni langu, wala simtafuti mtu wa kugawana naye. Mama yangu hana chakula cha mwaka huu kwa sababu yangu, na mpaka naandika haya yeye hajui.

Mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja, wa hapa Ifakara. Shuleni hesabu nilikuwa naongoza, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Msimu huu wa mpunga nikaona kwenye simu video ya jamaa anayefundisha kuhesabu karata za blackjack, ule mchezo wa kasino wa kutafuta ishirini na moja. Anasema ukijua karata zipi zimeshatoka, unajua lini uweke hela nyingi. Nikasema, huu mchezo ni wangu!

Njia za kuhesabu zilikuwa mbili. Ya kwanza rahisi: karata ndogo unaongeza moja, kubwa unapunguza moja, basi. Ya pili ngumu: nyingine unaongeza moja, nyingine mbili, nyingine unapunguza mbili, halafu zile za A unaziweka kando kichwani. Jamaa mwenyewe alishauri anayeanza ashike ile rahisi. Nikamcheka! Rahisi ni ya watoto. Nikachagua ngumu.

Sasa njia ngumu inataka wiki kadhaa za utulivu. Na utulivu niliuona wapi? Dunguni!

Mama ana shamba la mpunga upande wa Namawala. Miguu yake inavimba, lakini alipanda mwenyewe, akapalilia mwenyewe ameinama majini. Kwangu aliomba kitu kimoja tu: mpunga ukianza kutia maziwa, nikaamie ndege. Wenyeji mnajua, unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, toka alfajiri mpaka jua lizame, unapiga makopo, unapiga kelele, unarusha udongo kwa kombeo. Ukinyamaza kidogo tu, kwelea wameshashuka.

Siku za mwanzo nilijitahidi. Nafungua karata kwenye simu, nahesabu, ndege wanashuka, napiga kelele "Hoyaaa!", nikirudi nimeshasahau nilifika ngapi. Naanza upya. Ile njia rahisi ningeihesabu huku napiga makopo, nina hakika. Hii ngumu haikutaka hata kikohozi.

Basi nikaanza kusema, ngoja nimalize pakiti hii kwanza. Pakiti moja ikawa tatu. Jamani! Nilikuwa nawaona ndege kwa macho haya, wametanda shamba zima, na kidole changu kiko kwenye simu.

Mzee Masanja, Msukuma anayelima jirani yetu, aliniita kutoka kwenye dungu lake. "Wee kijana! Ndege wanamaliza mpunga wa mama yako!"

"Nawaona, mzee!" nikajibu, na sikuinuka. Nilikuwa nimefika karata ya arobaini na ngapi sijui, sikutaka ipotee.

Baadaye akaniambia, "Nilikuwa naona unachezesha midomo, nikadhani unasali." Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza.

Kujifunza nilijifunza, tena vizuri! Nikaingia kasino ya kwenye simu, maana Ifakara meza ya blackjack utaitoa wapi. Siku mbili tu, akiba yangu kwisha. Ndipo nikasoma maelezo ya mchezo, ambayo mwenye akili anayasoma kwanza. Yanasema wazi kwamba kila raundi ikiisha, karata zote zinachanganywa upya. Hakuna cha kuhesabu! Iwe ngumu, iwe rahisi, zote bure.

Siku ya kuvuna tulikata, tukapiga, mama akapepeta. Mapepe matupu! Upepo ukabeba karibu kila kitu. Akajaribu ungo wa pili, wa tatu, akaacha. Mimi nimesimama na gunia nimelifungua mdomo, sijui niliweke wapi.

"Ndege mwaka huu wamezidi," akasema. "Usijilaumu, mwanangu. Juani umekaa siku zote zile."

Pale pale ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikaanza kukunja gunia! Mzee Masanja naye alikuwepo, akaniangalia tu, akaondoka zake. Sijui alinihurumia au alinidharau.

Sasa hivi mama yuko Mchombe, anavuna mashamba ya watu kwa kibarua ili apate mpunga wa kula. Na miguu ile ile. Kila nikimpigia nimwambie ukweli, nasikia anavyohema, nasingizia salio linaisha, nakata.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa kazi ya kulinda, linda. Hizo njia za kasino ziache zote, rahisi na ngumu. Na ukishakosa kama mimi, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kubembelezwa na yule uliyemkosea. Maana juzi mama kaniambia eti mimi nimechoka sana msimu huu, mwakani nipumzike, dunguni atapanda yeye.