Msikilizaji wa Pili

Siku ya nne Injinia aliitukana kompyuta kwa sauti. Mteja aliyekuwa kwenye kaunta akisubiri fotokopi ya cheti alirudi nyuma hatua moja, akidhani ametukanwa yeye.

"Si wewe," Injinia alimwambia. "Ni hili."

Jina hilo alipewa na wateja, nusu utani nusu heshima, kwa kuwa hakuna printa iliyowahi kumshinda katika kile chumba chake chenye mashine mbili za fotokopi na feni moja inayolalamika. Uinjinia hakuusomea popote. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kati ya mteja na mteja, na katika vyote alivyowahi kuandika, kilichomtia fahari ni kimoja tu: kiendelezi cha dada yake.

Dada huyo ni mkubwa wake, karani wa masjala hospitalini, na macho yake yamekuwa yakififia mwaka wa tatu sasa. Kazini hajamwambia mtu. Injinia alimtengenezea kijiprogramu cha kupachika ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao na mafaili ya hospitali: dada akisogeza mshale wa kipanya juu ya neno kwenye faili la mgonjwa, sauti inamsomea neno hilo sikioni. Makarani wenzake walimwona na waya sikioni kutwa nzima wakasema mama wa watu anapenda muziki kupita kiasi.

Halafu Jumatatu hospitali ikatangaza kwamba kompyuta zote zinabadilishiwa kivinjari. Ijumaa saa tisa alasiri mkuu wa masjala angekaa na kila karani amtazame akifungua mafaili kumi kwa hicho kipya. Atakayeshindwa angepelekwa stoo ya makaratasi, au aombwe kwa upole astaafu mapema. Dada alikuwa amebakiza miaka sita. Kivinjari, jamani! Mtu amwage unga kwa sababu ya kivinjari!

Injinia alidhani kukihamisha kiendelezi ni kazi ya asubuhi moja. Kina vipande viwili visivyoruhusiwa kugusana. Kimoja kinakaa kwenye ukurasa na kuona maneno. Kingine kinakaa nyuma, ndicho chenye sauti. Vinazungumza kwa kutumiana ujumbe. Cha mbele kinauliza, "Neno hili linasomwaje?" Cha nyuma kina msikilizaji anayepokea swali, na kwenye kivinjari cha zamani ilimbidi aseme kwanza, "Ngoja, jibu linakuja," la sivyo mlango unafungwa. Kivinjari kipya kina adabu zake: msikilizaji anatoa ahadi ya jibu, kisha anaitimiza. Haya, Injinia akabadilisha, mstari kwa mstari. Akajaribu.

Jibu lilikuja. Lilikuwa tupu.

Lingekuwa kosa lenye maandishi mekundu, angeshukuru, maana kosa linakuonyesha pa kuanzia. Hili halikusema kitu. Alisoma maelezo ya watengenezaji mpaka akayachukia. Aliuliza kwenye majukwaa ya mtandaoni, akajibiwa na watu waliojitia wanajua, kila mmoja na dawa yake, na kila dawa akaijaribu na kuambulia patupu. Jumatano ikapita hivyo, Alhamisi ikapita hivyo. Wateja waliotaka kurasa mbili kwenye karatasi moja walipewa moja kwenye mbili. Simu ikilia aliibana kati ya sikio na bega huku vidole vikiendelea kugonga. Mume wake alimwuliza kama wamegombana. Alimjibu kwamba hana muda wa kugombana na mtu yeyote.

Ijumaa hiyo, baada ya matusi, alimpa mteja cheti chake, akakaa, akaanza kusoma programu yake upya kana kwamba imeandikwa na adui. Ndipo alipomwona.

Kule nyuma wasikilizaji walikuwa wawili. Wa kwanza alisoma maneno. Wa pili, ambaye Injinia alikuwa hata amemsahau, kazi yake ilikuwa kutunza kasi ya sauti tu. Wakati wa kuhamisha aliwapa wote wawili alama mpya ya kuahidi, neno moja linaloandikwa mbele ya msikilizaji, na mwenye alama hiyo humwahidi kila anayepita, awe ameulizwa au hakuulizwa. Neno likija kutoka mbele, wa kwanza anainama kutafuta sauti; wa pili, ambaye halimhusu ndewe wala sikio, anaruka na jibu lake chapuchapu. Jibu la nini? La hakuna kitu. Ukurasa unalipokea, unafunga mlango, na jibu la kweli linafika limechelewa.

"Kumbe ni wewe, kimbelembele!" Injinia alipiga meza. Akamvua ile alama, akamwamuru asichoulizwa anyamaze. Sauti ikasoma neno, ikasoma la pili, ikasoma ukurasa mzima.

Saa saba alifunga duka, kiendelezi kwenye flashi, akaenda hospitalini karibu anakimbia. Makarani walikuwa wametoka kwenda kula. Dada alikuwa peke yake mezani. Injinia akapachika, akajaribu, akasogea pembeni.

"Haya dada, twende kazi."

Dada akashika kipanya. Mshale ukapanda juu, ukashuka, ukaenda kukaa kwenye kona. Kimya.

"Kushoto kidogo. Si huko, dada. Hapa!"

"Hapa wapi?"

"Si huu mshale huu!"

"Siuoni huo mshale."

Injinia alimtazama. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Si nilikwambia?"

"Hujaniambia."

"Nilikupigia Jumatano. Nikakwambia maandishi makubwa nabahatisha, lakini mshale umenipotea kabisa, fanya nisogeze kwa vitufe. Ukasema, sawa dada, nimekupata, hilo dogo. Alhamisi nikakupigia tena. Ukasema sawa hata sijamaliza."

Injinia alijisikia vibaya hadi akakasirika, na kwa kuwa kompyuta haikuwa na kosa tena, hasira zikamwangukia dada. "Sasa si ungenipigia kelele!"

"Nikupigie kelele na umeshasema umenisikia?"

Injinia akavuta kiti, akaanza kugonga vitufe. "Sawa, sawa, nipe nusu saa tu, hapa nabadilisha..."

"Umeanza tena."

Vidole vikasimama.

"Sitaki nusu saa," dada alisema. "Kiharibike mbele ya mkuu nionekane mwongo? Nipeleke kwake sasa hivi, kabla ya saa tisa. Nitamwambia mwenyewe habari ya macho yangu. Halafu nitamwambia kuna kitu kinanisomea, na aliyekitengeneza anahitaji wiki moja."

Injinia alikuwa na pingamizi kumi na mkuu mmoja wa kumwogopa. Lakini dada alikwisha simama, na mkono wake ulikuwa unapapasa hewani ukitafuta kiwiko cha kushika. Injinia akampa chake.

Ofisi ya mkuu ilikuwa imehamishiwa jengo la nyuma mwezi uliopita, na dada hakuwahi kufika. Walivuka ua polepole. Penye mlango wa jengo dada alisita, akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Ngazi ziko ngapi?"

Injinia alizihesabu kwanza, moja moja, mpaka juu, ndipo akajibu.