Pono Juu ya Barafu

Gahongayire alilelewa Bujumbura, wazazi wake walikokimbilia kutoka Rwanda, akaenda kusomea mambo ya bahari Zanzibar, na ndugu zake wakamcheka: Mnyarwanda na bahari wapi na wapi? Hakuwajali. Miaka sita alizamia katika maji ya kisiwa cha Mafia pamoja na mpiga mbizi aitwaye Sharif, wakifunga vipande vya matumbawe hai kwenye fremu za chuma, mahali ambapo baruti za wavuvi zilikuwa zimeacha kifusi kitupu. Matumbawe yakashika. Samaki wakarudi.

Mwaka 2024 maji yakapata joto, wiki baada ya wiki. Matumbawe yakapauka, yakawa meupe kama chokaa, na mengi yakafa. Yalinusurika yale ya upande wa mkondo wa maji baridi tu. Gahongayire akaandika ripoti, akiomba wapande upya kwa vipande vya hayo yaliyostahimili. Wafadhili wakamjibu kwa mistari minne: mradi umefungwa.

Sasa anaishi kwa mama yake, mtaa wa Kibagabaga katika mji mkuu wa Rwanda, na anasafisha samaki katika duka la Valens, karibu na makutano ya barabara ya Sonatubes.

Jumanne moja Valens alifungua kasha lililotoka pwani. Juu ya barafu walilala pono, wengine wadogo kuliko kiganja.

"Hii iko mzuri," Valens alisema. "Wateja watapenda rangi yake."

Gahongayire alimgeuza mmoja mdogo kwa kidole. Pono ndio wanaokwangua mwani juu ya matumbawe; wasipokuwapo, mwani huyafunika na hayaponi tena. Yeye na Sharif walizunguka kijiji kwa kijiji wakiwasihi wavuvi wawaache. Akatoka nje, akampigia Sharif.

"Leo tumeletewa kasha la pono kutoka pwani. Wametoka wapi?"

"Watakuwa wa huku kwetu, dada."

"Upande wa mkondo?"

"Ndiko walikobaki. Mradi ulipofungwa, na kazi yangu iliisha. Mimi mwenyewe navua huko. Ulitaka wanangu wale ripoti yako?"

"Na matumbawe yetu? Bado yako hai?"

"Yako hai. Ila yameanza kuota mwani," Sharif alisema, akakata simu.

Gahongayire alirudi ndani. Mama mmoja alikuwa akimnyooshea kidole pono wa buluu.

"Hii haina miiba mingi?"

"Haina," Gahongayire alisema, akachukua kisu, akaanza kupara magamba.