Kabla ya China, Wanapitia kwa Mama Mistari

Ni Jumamosi asubuhi, na katika saluni ya Mama Mistari hakuna anayesukwa. Wasichana wanne wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja amepakata kichwa cha bandia, wanahangaika kukisuka. Mwenye saluni anazunguka nyuma yao na chanuo mkononi.

"Wewe, usivute hivyo! Hicho kichwa hakilii, lakini chako kitalia," anasema, na wote wanacheka.

Wasichana hawa wana safari. Muhula ujao ukianza watakuwa China, mmoja akisomea ufamasia, mwingine udaktari wa mifugo. Pasipoti wanazo, vipimo vya afya wamefanya, nakala za vyeti zimegongwa mihuri. Bado nywele.

"Watu wanawaza makoti," anasema Mama Mistari. "Wanawaza adapta za soketi na dawa za tumbo. Nywele wanazikumbuka wakishafika."

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Jina alipewa na wateja kwa jinsi anavyogawa nywele, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Kazi hiyo imemlisha tangu usichana wake, na mwezi ukiwa mzuri kodi ya chumba hutoka bila mbinde.

Darasa lilianza kwa simu. Mteja wake mmoja, aliyekwenda kusoma kaskazini mwa China, alimpigia kwa video akiwa amevaa kofia ndani ya chumba. Alipoivua, msusi alishika mdomo. Rasta zilikuwa hazijafumuliwa tangu aondoke nyumbani, na nywele zimejisokota kama katani.

"Nikamuuliza, mwanangu, huko hakuna saluni? Akasema zipo, tena nzuri. Aliingia moja, yule dada akamkaribisha, akazishika nywele, akaita na wenzake waje wazishike, halafu wakampa chai na kumwomba radhi. Hawakujua waanzie wapi."

Alimwelekeza palepale namna ya kuzifumua, fungu baada ya fungu, mpaka simu ikaanza kulalamika chaji. Lakini kilichomkaa kichwani ni jambo jingine. Binti alimwambia nywele zinakatika zenyewe, kwa kuwa baridi ya kule ni kavu, na vyuma vya kupashia bweni joto vinazidi kuikausha hewa.

"Mimi baridi ninayoijua inakuja na unyevu. Sasa baridi kavu ikoje? Inaingiaje kwenye nywele? Nikaanza kuuliza kila mtu."

Hajaacha mpaka leo. Huwatumia wanafunzi waliotangulia ujumbe wa sauti: maji ya kuogea yakoje, mafuta yanaganda, kofia ya sufu inanyonya mafuta? Majibu yao ndiyo somo la Jumamosi. Anawafundisha kufunga kitambaa laini chini ya kofia, kuweka bakuli la maji karibu na kile chuma cha joto, na kutia chupa za mafuta kwenye begi kubwa, zisije zikazuiwa uwanjani.

Mwanafunzi mmoja tu alimshinda: binti wa kaka yake, aliyemlea tangu chekechea. Naye alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, mwaka wa kwanza ukiwa wa kujifunza lugha. Kila Jumamosi alikuwa na udhuru.

"Shangazi, mimi utanielekeza kwa simu."

"Na simu ikikatika?"

"Nitavaa kofia."

Shangazi akaamua kumfungashia. Rasta, uzi, chanuo, mafuta. Akigeuka, binti anavitoa ili buti zienee. Walikwenda hivyo, huyu anatia, huyu anatoa, mpaka jioni moja binti akarudi nyumbani amenyoa.

Mama Mistari alikuwa anakata vitunguu. "Niliweka kisu chini," anakumbuka. "Zile nywele nimezisuka tangu hazijafika masikioni. Niliona kama amenifuta mimi."

Kesho yake binti alikuja kukaa sakafuni mbele yake, kama alivyozoea kukaa akisukwa.

"Shangazi, kila nikishika nywele nitakukumbuka. Sasa nitasoma saa ngapi?"

Msusi alikishika kile kichwa, akakigeuza kushoto na kulia.

"Huyu kinyozi amenyoa au amepalilia?" akauliza, akachukua mashine na kuanza kunyoosha pembeni. Wakacheka, na machozi nayo yakatoka.

Kilichofuata hakukitarajia. Wanafunzi walioko kule, waliposikia kwenye kundi la simu kwamba binti ametoka nyumba ya msusi, wakamuuliza kama anajua kusuka, maana wao hawana mtu. Na yeye aliyekwisha kunyoa ndiye akaomba kufundishwa.

"Nikamwambia, sasa ndiyo unataka? Akasema, 'Nimenyoa kichwa, Shangazi, mikono bado ninayo.'"

Kichwa cha bandia alikikataa. Alitaka cha shangazi yake, ambacho kwa kukosa nafasi ya kusukwa kilikuwa kikishinda ndani ya kilemba. Mistari ilipinda, mmoja ukaishia sikioni. Siku iliyofuata Mama Mistari alifungua saluni bila kilemba. Mteja alipouliza ni nani amemharibu hivyo, alijibu, "Mhandisi."

Binti aliondoka mwezi uliopita, kwenye begi vitu vyote vya kusukia vikiwamo. Ameshawasuka wenzake wawili, na hakuna aliyelalamika, au basi hakuna aliyelalamika mbele yake.

Huku nyumbani, shangazi amejifunza neno moja la Kichina, *toufa*, yaani nywele. Kwenye simu hulitamka kwa sauti ya juu, kisha ya chini, maana Kichina sauti ikibadilika neno nalo hubadilika, akingoja binti amwambie lipi ndilo. Mwaka wa lugha ukiisha, anataka kumfuata huko kwa mwezi mmoja, na ameshaomba pasipoti.

"Afisa akaniuliza unakwenda kufanya nini. Nikasema, kutazama. Akasema, kutazama nini? Nikamwambia, baba, kama ningekuwa nakijua, ningehangaika kwenda?"