Marehemu Mtarajiwa

Mshonaji alipofiwa na mumewe, shemeji yake alichukua nyumba na gari jipya, akamwachia lile dogo kuukuu lililobabuka rangi.

"Chukua hilo, shemeji," alisema mbele ya waombolezaji, akicheka. "Nalo ni marehemu mtarajiwa. Mwaka halimalizi."

Maneno yale mshonaji hakuyasahau. Akaenda kumuuliza fundi wa magari lile gari lingeishi muda gani.

"Mama, gari haliuawi na uzee, linauawa na mwenyewe," fundi alimjibu. "Badilisha oili kwa wakati, angalia maji, na likianza kulia, usiongeze sauti ya redio."

Basi akalitunza kwa chuki, kama wengine wanavyotunza kwa mapenzi. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kipande cha kitambaa na kunong'ona, "Usife. Asije akacheka tena." Wanawe wakakulia kwenye kiti cha nyuma, wakamaliza shule, wakaoa.

Leo shemeji amesimama mlangoni kwake, suti imenyooka, jasho linamtiririka. Gari lake limegoma kuwaka, na binti yake anafunga ndoa.

"Shemeji yangu, nipeleke."

"Kwa gari gani? Hili marehemu?"

Akatazama viatu vyake. "Hilohilo, shemeji."

"Panda. Na kioo usipandishe."

Njia ya mkato ilikuwepo. Mshonaji akapitia sokoni, taratibu kama anayesindikiza jeneza, akipiga honi kila penye watu.