Kaspiah, msusi anayetanguliza kikapu kabla ya karamu

Jua halijachomoza, lakini Kaspiah ameshaswali na sasa anatwanga. Mchi wake ni wa mti mgumu, mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Chini yake limelala fungu la purun, manyasi marefu ya kinamasi ambayo yasipotwangwa hukatikia mkononi wakati wa kusuka. Ng'ambo ya mfereji majirani nao wanatwanga. Hapa kijijini Handil Rasau, anayeweza kulala mpaka saa moja ni kiziwi au mgeni.

"Usisimame hapo kwenye umande," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Utapata homa, halafu uje uniandike vibaya."

Ana miaka 53, na amesuka vikapu tangu akiwa na tisa. Kikapu kimoja cha sokoni hukiuza rupia 15,000, bei ya bakuli la supu ya kuku. Kwa siku husuka vinne, na mgongo ukimhurumia, vitano.

Wiki sita sasa hajauza hata kimoja. Anasuka vikapu 180 vya kugawa bure, kwa ajili ya hitima ya mwaka wa tano ya mumewe, Asnawi, itakayosomwa Alhamisi. Vimebaki vinane na vidole vyake vimepasuka.

Marehemu Asnawi alikuwa mwendesha boti. Alivusha abiria na mboga kutoka kwenye mfereji huu hadi sokoni, ng'ambo ya Mto Barito. Mto huo hupitwa mchana kutwa na matishari ya makaa ya mawe, kila moja likikaribia urefu wa uwanja wa mpira, yakivutwa kwa kamba na meli ndogo. Tishari halina breki. Kila mtu wa mto anajua kwamba ukikatiza mbele yake, usithubutu kusimama.

Asubuhi moja, miaka mitano iliyopita, injini ya Asnawi ilizimika katikati ya mto, mbele ya tishari. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejisokota kwenye pangaboi. Akachukua kisu, akainama nyuma ya boti kuukata, kama alivyofanya maelfu ya mara. Abiria wawili walijirusha majini wakaokoka. Walisema walipogeuka kumwangalia, alikuwa bado anakata.

Boti ilipopatikana, mfuko ulikuwa bado umeng'ang'ania. Ulikuwa mweusi, wenye mistari myekundu.

Kaspiah anauweka mchi chini. Mistari ile aliitambua. Wiki tatu kabla ya msiba alikuwa amemwoza binti yake, na alinunua mifuko ya namna hiyo 400 ya kufungia baraka, yaani chakula ambacho kila mgeni hupewa abebe nyumbani.

"Nisikilize vizuri," anasema. "Siwezi kuapa kwamba ulikuwa wangu. Mifuko ile inauzwa kila duka. Lakini siwezi kuapa kwamba haukuwa wangu. Hapo ndipo ninapolala na ndipo ninapoamka."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Siku ya harusi ile, vikapu vya msusi huyu vilikuwa vimening'inia ukutani, zaidi ya mia, wakati baraka ikifungwa kwenye plastiki.

"Niliona haya," anasema. "Purun tuliiona ya maskini. Niliogopa watu wa bwana harusi wangesema, 'Masikini hawa, wamekosa hata mfuko.'"

Wageni walikula, wakabeba baraka, wakafika kwao, wakatupa mifuko majini kupitia dirishani. Tusidanganyane, sote tumefanya hivyo, na mwandishi wa makala haya yumo. Nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo, maji yapo chini ya sakafu, na kinachotupwa tulidhani kinakwenda zake. Hakiendi. Maji yalipokupwa tope halikuonekana kwa plastiki. Samaki wa kinamasi wakipasuliwa jikoni walikutwa na vipande vya mifuko tumboni.

Kikapu cha purun hubeba samaki, mchele na nazi kwa miaka miwili, hata mitatu. Kikichakaa hutupwa kwenye migomba, na masika moja yakipita hukuti hata mshipi wake. Hilo Kaspiah alilijua tangu utotoni, na ndilo linalomuuma zaidi.

Hitima ya mwaka wa pili alituma ujumbe nyumba zote: kila mtu aje na kikapu chake. Kati ya wageni 160, waliokuja na vikapu walikuwa tisa.

Jirani yake Jumbriah, ambaye sasa ameketi ngazini akichambua purun, anacheka akikumbuka. "Wewe nawe, mwandishi, ungebeba? Uende kwenye hitima ya watu na kapu tupu mkononi! Watasema umekufa njaa, umekuja kuvuna."

"Si ulimkejeli yule mzee aliyekuja na kikapu," Kaspiah anamkumbusha.

"Nilimuuliza tu. 'Mzee, umekuja kusoma hitima au kuhama nyumba?' Watu wakavunjika mbavu. Basi, wenye vikapu wakavificha chini ya miguu." Kisha Jumbriah anaacha kucheka. "Nilikosea, dada. Nilishakwambia nilikosea."

Siku ile mtu alikimbia dukani kununua mifuko ya plastiki, na kufikia magharibi ilikuwa inaelea mferejini. Kaspiah alijifungia chumbani akalia.

"Sikulilia vikapu. Nililia kwa sababu kesho yake mwanangu angepita palepale."

Mwanawe, Mahlan, ana miaka 27. Anaendesha boti ileile ya baba yake, iliyozibwa ubao mpya ubavuni. Mama amemsihi aiuze mpaka amechoka. "Niiuze nifanye nini, Mama?" humjibu. "Kusuka unajua wewe. Mimi najua mto."

Mwaka uliofuata Kaspiah aliacha kuhubiri. Alichukua jambo ambalo hapa hakuna asiyelijua, kwamba chombo cha mwenzio hakilali kwako. Ukiletewa vitumbua kwenye sahani, sahani lazima irudi. Basi akatanguliza kikapu chenyewe. Siku tatu kabla ya hitima alipita mlango kwa mlango, akaacha kikapu kipya chenye vitumbua vitatu, na maneno machache: "Alhamisi baada ya adhuhuri, unirudishie."

Hakuna aliyekuja kuvuna. Kila mmoja alikuja kurudisha, na akaondoka nacho kimejaa. Siku hizi mwenye harusi huviazima vikapu vilevile kwa majirani, akaviacha milangoni kwa njia ileile. Mwaka jana, kati ya nyumba 160, nyumba 131 zilikuja navyo. Mwaka huu ameongeza ishirini, za mwisho wa mfereji.

Mahlan anateremka ngazi akiwa na mafungu ya kangkung, mboga za majini za kupeleka sokoni. Anasema zamani alizima injini mara sita au saba kwa siku kukata plastiki. "Siku hizi mara mbili. Juzi sikuzima kabisa. Nilirudi nyumbani nikaona kama kuna kitu nimesahau."

"Pita pembeni," mama yake anamwambia.

"Napita pembeni, Mama."

"Na tishari ukiliona?"

"Nalisubiri lipite. Mama, mgeni anasikia."

"Asikie!"

Boti inaondoka. Kaspiah ameshaketi kusuka, lakini mikono haiendi. Amegeuza sikio upande wa mto. Jumbriah naye ameacha kuchambua, kama mtu aliyezoea kusikiliza saa hii.

Mlio wa injini unapungua, unafika kwenye mdomo wa mfereji, unaingia mtoni. Kisha unakatika.

Kaspiah amekishika kikapu kwa mikono miwili, macho kayafumba, midomo inacheza kwa dua. Dakika inapita. Ya pili inapita. Jumbriah anamwekea mkono begani.

Injini inakohoa, inakohoa tena, inawaka.

Kaspiah anafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mfuko ule haukutoka kwetu," anasema. "Umeletwa na maji kutoka vijiji vya juu." Anavuta unyasi mwingine na kuupitisha chini ya wenzake. "Alhamisi ikipita, naanza vikapu vya kwao."